Kusikiliza Injini kwa Meno

Bisibisi ilitoka kinywani mwa makanika ikiwa imelowa mate, naye akaninyooshea niiweke kinywani mwangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kusikiliza injini pale Bunia katika miaka ya themanini, na sijui kama wameiacha. Ncha ya chuma inawekwa juu ya injini inayonguruma, mpini unaumwa kwa meno, masikio yanazibwa kwa vidole, na mlio unapanda kwa kupitia taya mpaka katikati ya kichwa. Sina ubishi na njia yenyewe, maana mfupa hupitisha sauti vizuri. Ubishi wangu ulikuwa na mpini. Ulikuwa wa mbao, umejaa alama za meno ya mafundi na wateja wa miaka mingi, kama muhogo uliopitiwa na panya, na yule bwana alikuwa ametoka kula samaki wa chumvi.

"Luma, sitwayen profesere," akaniambia. Sitwayen, yaani raia, ndilo jina ambalo utawala wa wakati ule ulitaka sote tuitane. Profesere lilikuwa la kunicheka. "Bila kuluma hautasikia kitu."

Niliupangusa mpini kwa shati langu. Wanaume waliokuwa wameketi juu ya matairi kando ya njia ya Mudzipela, ambao sikuwahi kuona mmoja wao akitengeneza gari lolote, walifurahi sana.

"Anaogopa mate," mmoja akasema. "Kule ku iniversite wanalumaka kalamu tu."

Nikauma. Mlio ulikuja mzito na mchafu, kama mtu anayepiga mlango kwa kisigino: go, go, go. Pamoja nao ilikuja ladha ya samaki. Nilitema mate mara nyingi, na kila nilipotema, matairi yalicheka.

Gari lenyewe lilikuwa kamyoneti, gari dogo la mizigo, la dada yangu. Au tuseme lilikuwa la marehemu mume wake, na shida yote ilikuwa katika tofauti hiyo. Sisi ni watu wa Butembo tulioingia Bunia kwa ajili ya biashara. Dada aliolewa na mtu wa Ituri, wa ukoo wenye ng'ombe, na kwa miaka mingi wale wawili walishuka ziwani Tchomia kupitia Bogoro, wakapakia samaki wa kukaushwa na wa moshi, wakapanda nao mpaka sokoni. Mume aliendesha, dada alinunua na kuuza. Baadaye alijifunza kuendesha mwenyewe, jambo lililowafanya wanawake wa kanisani kumsalimia kwa uangalifu. Magamba ya samaki yalikuwa yamegandamana kwenye viti vya gari lile, kwenye usukani, hata kwenye kioo. Ulipokaa ndani kwa muda mfupi, mbwa walikufuata mpaka nyumbani.

Mume alipofariki, dada alikaa ndani kama mjane anavyotakiwa kukaa, na funguo za gari alizitunza shemeji, mdogo wa marehemu. Shemeji alikuwa mtu wa abakosti, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyopigwa pasi na kitambaa cheupe mfukoni, mtu ambaye alionekana daima kama anatoka kwenye mkutano au anaenda kwenye mwingine. Siku ya kuondoa matanga, baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alitoa neno lake mbele ya watu wote.

"Gari kama iko muzima," alisema, "itabakia na muke, alishe nayo watoto. Kama imekufa, itarudi kwa ukoo. Siye tutajua namna ya kuuza vipande. Jumapili mutaniletea jibu."

Hakuna aliyepinga. Ilisikika kama haki. Isipokuwa jioni ya siku ile ile shemeji aliporudisha gari uani ili watu walione, lilikuwa linagonga.

Kwa hiyo dada akanitafuta mimi. Nilikuwa nimesoma falsafa Lubumbashi, na wakati ule nilifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, nikiwa na maoni mengi na viatu vya pea moja. Kuhusu injini nilijua kwamba iko mbele. Lakini dada alikuwa na sababu zake.

"Kitabu cha gari iko mu Fransé," aliniambia. "Weye ndio uko na Fransé. Basi soma."

Kitabu kilikuwa chini ya kiti, kimelowa mafuta ya samaki, kurasa zake zimeshikana kama maandazi ya jana. Kilihusu gari la aina nyingine kidogo. Nilikisoma jioni mbili, nikikifungua kwa kisu cha mkate, na dirisha wazi.

Pale kwenye uwanja wa makanika, ambao haukuwa na paa wala sakafu, ila udongo mweusi uliokunywa mafuta mpaka ukakataa, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni supape, yaani vali. Mwingine alisema ni benzini iliyochanganywa na mafuta ya taa, na hapo hakuwa mbali na ukweli wa maisha yetu, kwa sababu benzini safi tulikuwa tumeisahau. Mzee mmoja mwenye Biblia kwapani alisema ni marehemu anayepiga ndani ya injini apate kufunguliwa.

"Muzee," dada akamjibu, "mume wangu hakukuwa anapiga hodi mu nyumba yake mwenyewe. Alikuwa anaingia tu."

Makanika yeye hakutafuta sana. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo ambayo aliitumia kwa kazi zote, za injini na za masikio. Aliuma bisibisi, akafumba macho kama anayeomba, akaitoa.

"Moteri imekufa," akasema. "Haina dawa. Mupeleke gari kwa wenyewe."

"Wenyewe ni nani?" dada akauliza.

"Ukoo."

Ilinishangaza kidogo kwamba fundi wa magari alijua sheria za urithi za nyumba ile. Lakini sikufuata wazo hilo. Nilikuwa na kitabu, na mtu mwenye kitabu hafuati mawazo mengine. Kitabu kilisema kwamba injini inapogonga mlio mzito unaozidi ikipata moto na ikibeba mzigo, uchomoe nyaya za buji, yaani plagi, moja moja huku inanguruma. Silinda ambayo ukiikatia moto mlio unapungua, hapo ndipo penye ugonjwa. Kitabu hakikusema uzishike nyaya hizo kwa kitu gani.

Waya wa kwanza niliuchomoa kwa mkono mtupu. Umeme ulinipiga mpaka kwenye kiwiko, nikaruka nyuma na kukalia ndoo ya mafuta machafu. Nitapita haraka hapo. Suruali ile ilikuwa ndiyo ya kufundishia.

"Marehemu amekataa," mzee wa Biblia akasema.

Dada alinipa kipande cha kitenge kikavu. Waya wa kwanza, mlio uleule. Wa pili, uleule. Nilipochomoa wa tatu, ule mlio ukalegea, ukawa kama mtu aliyevua kiatu kabla ya kupiga mlango. Niliurudisha waya, mlio ukarudi. Niliuchomoa tena, ukalegea. Dada alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona ameanza kutumaini kitu. Nilitangaza matokeo kwa sauti ya mtu anayetetea tasnifu: injini haijafa, ni kusine ya silinda ya tatu. Kusine ni kile kipande cha chuma laini, chembamba kama ganda la yai, ambacho mkono wa pistoni huzungukia. Kikiliwa, mkono unacheza, unagonga. Kinabadilishwa, na injini inaishi.

Nilitegemea makanika abishe juu ya silinda. Hakubisha.

"Inawezekana," akasema, akijichokoa sikio kwa ile kucha. "Lakini tusifungue karter. Ukifungua chini, ndio unaua kabisa."

"Kitabu kinasema kufungua ni lazima," nikasema.

"Kitabu haijafikaka Bunia."

Ndipo shemeji akatokea, na abakosti yake, na kitambaa chake cheupe ambacho tayari alikuwa amekiweka puani. Sijui nani alimwita. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima kubwa, akaniuliza habari za shule, akaweka mkono juu ya bega la dada.

"Shemeji," akamwambia, "maiti haifunguliwi. Muache ipumzike. Mimi nitaitoa hapa, nitaangaika nayo, na watoto nitawaangalia. Weye uko muke, utaendesha hiyo kitu mpaka wapi?"

"Mpaka Tchomia," dada akasema. "Kama zamani." Kisha akamgeukia makanika. "Fungua."

Makanika hakumtazama dada. Alimtazama shemeji. Lilikuwa jicho dogo tu, la kuomba ruhusa, lakini watu wote wa matairi waliliona.

Dada akazima injini, akaokota spana, akatandika gunia la samaki chini ya gari, akaingia kwa mgongo. Kitenge chake kilibaki nje kuanzia magotini. Sikuwa na la kufanya ila kuingia upande wa pili, nikiwa na karai, nikijua hakika kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya maadili akiwa katika hali ile.

Boliti zilitoka zote kirahisi. Hilo lenyewe lingenifundisha kitu. Gari la Bunia halifunguki kirahisi kama halijafunguliwa juzi. Mafuta yalishuka kwanza. Tulikuwa tumezoea mafuta mabaya, yale yaliyotolewa kwenye malori na kuuzwa tena ndani ya chupa za bia kando ya njia, lakini haya yalikuwa na kitu kingine. Yalishuka mazito, yenye nyuzi, kama mlenda uliolala, na harufu iliyotoka nayo siwezi kuifananisha na mashine yoyote. Ilikuwa harufu ya jikoni, ya kwato zilizochemshwa siku nzima, ya nywele zilizoshika moto. Kisha karter yenyewe, ile sufuria ya chuma ya chini ya injini, ilishuka, na mabonge ya kitu laini yalianguka kwenye shingo yangu.

Nilitoka chini ya gari, nikatapika kando ya gurudumu la nyuma, kwa adabu yote iliyowezekana. Watu wa matairi walikuwa wamesimama, pua zimebanwa.

Dada alibaki chini. Nilimsikia akifungua kile kifungo cha silinda ya tatu. Kisha akatoka taratibu, mkono mmoja mbele, na juu ya kiganja palikuwa na kitu kama ulimi.

Lazima nieleze, kwa haki, kwamba kila mtu pale alijua ni nini. Kusine za chuma zilikuwa hazipatikani. Zilipopatikana zilitoka Uganda, na mtu aliyekwama njiani alikata kipande cha mkanda wa suruali, akakilowesha mafuta, akakifunga mahali pa kusine, akafika nyumbani polepole. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kuwasifia wanafunzi wangu desturi hiyo, kama mfano wa akili ya watu wetu mbele ya shida. Nilizungumza vizuri sana siku hiyo. Sikuwa nimeisikia harufu yake.

Lakini kilichokuwa mkononi mwa dada hakikuwa mkanda. Kilikuwa ngozi mbichi, haijapitia kazi ya mtu yeyote, imepikwa ndani ya mafuta mpaka imekuwa kama gundi, na upande mmoja ulikuwa na manyoya.

Dada aliomba benzini kidogo ndani ya kopo. Akakiosha kile kipande kwa vidole, polepole, kama anayeosha mtoto. Weusi ukatoka. Manyoya yalikuwa mekundu, na penye ukingo palikuwa na doa jeupe. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kutazama mimi.

"Hii ni ng'ombe ya matanga," akasema.

Katika nyumba ile ya shemeji, ng'ombe anayechinjwa siku ya kuondoa matanga huliwa na watu wote, lakini ngozi yake ni ya mjane. Hapewi mwingine. Inakaushwa, anapewa ailalie, na inakuwa ndiyo neno la ukoo kwamba huyu bado ni wa kwetu, hakufukuzwa na kifo. Ng'ombe alichinjwa asubuhi, na watu waliposhughulika na nyama, ngozi ilitandikwa nyuma ya nyumba. Jioni haikuwepo. Dada aliuliza, akaambiwa mbwa wameiburuta. Alilala kwenye mkeka, na hakusema tena. Lakini alikuwa amemtazama yule ng'ombe akiwa hai, amefungwa uani, mwekundu mwenye doa jeupe penye paja.

"Ngozi ni ngozi," shemeji akasema nyuma ya kitambaa chake.

"Miye nililetewa," makanika akasema upesi. "Alisema nikate kipande, gari itembee tu mpaka kwa muzee, watu waone haikufa mu mikono yake. Sikuulizaka ngozi ni ya nani. Na ilitembea. Si ilitembea?" Aliwatazama watu wa matairi, akitafuta mtu wa kumsifu kazi. Hakupata.

Mengine alieleza bila kuulizwa, kama mtu anayeteremka mlima bila breki. Wakati dada alipokuwa amekaa ndani na matanga yake, shemeji alikuwa akishuka Tchomia na kamyoneti, akipakia samaki wake mwenyewe. Kwenye kilima cha kupanda Bogoro mafuta ya injini yalikwisha, naye akaendelea kupanda, kwa sababu samaki wangeharibika. Kusine ikayeyuka. Gari lililetwa kwa kamba. Sasa nilielewa kwa nini fundi alijua sheria za urithi.

Kila nilipomtazama shemeji niliona kitambaa kile cheupe, na nilikichukia zaidi ya mate, zaidi ya ile kucha. Alikuwa ameiba gari, akaliua, akaiba na kitanda cha mjane akakifunga ndani ya lile aliloliua, kisha akaja kutuonya tusifungue maiti. Na bado harufu ilikuwa inamsumbua.

Hapo nikakumbuka kwamba nami nilikula nyama ya ng'ombe yule. Nilikula vizuri. Niliomba na mchuzi.

"Tutaongea Jumapili, shemeji," dada akasema. Hakupaza sauti. Aliiweka ile ngozi ndani ya karai, juu ya mafuta yaleyale, akafunika kwa jani la mgomba. Shemeji akachomoa funguo garini, akaondoka nazo.

Nikatumia siku zilizobaki kuandaa hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu: juu ya amana, juu ya haki ya mjane, na juu ya tofauti kati ya kufa na kuuawa, hata kwa injini. Mpaka leo naiona kuwa hotuba nzuri.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ulikusanyika katika lupango ya baba mkubwa, uani kwake, kwenye viti vya kuazima vya kanisa. Kulikuwa na chai ya maziwa na mikate. Shemeji alizungumza kwanza. Alisema makanika ameangalia, mimi msomi nimeangalia, wote tumekubaliana kwamba ndani ya injini mmeharibika. Hakusema uongo hata neno moja, nami nilivutiwa kidogo na ufundi huo. Akamaliza kwa kusema kwamba yuko tayari kubeba mzigo wa hilo gari kwa ajili ya jamaa.

Nilisimama, nikakohoa. Dada akanivuta shati nikaketi.

Alichukua karai kutoka chini ya kiti chake, akaliweka juu ya meza katikati ya vikombe, akatoa jani la mgomba.

Harufu ilifika kwa watu kabla macho hayajafika. Mama mmoja aliyekuwa anameza mkate aliacha kumeza. Baba mkubwa aliinama, akaingiza ncha ya fimbo yake, akainua ile ngozi. Mafuta yalidondoka kwenye kitambaa cha meza. Manyoya mekundu, doa jeupe. Yeye ndiye aliyemtoa yule ng'ombe katika zizi lake, na mtu wa ng'ombe hasahau rangi.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ndani ya moteri, baba," dada akasema. "Pa silinda ya tatu."

"Nani aliingiza?"

Shemeji alikuwa anatazama mikate. Kwa namna alivyoitazama, kila mtu alijua.

Nilingoja ghadhabu. Nilingoja mzee aseme juu ya wizi, juu ya yatima, juu ya safari za Tchomia, na kama angesahau kitu nilikuwa nacho chote ndani ya sehemu zangu tatu. Hakusema lolote kati ya hayo. Akina mama walisukuma vikombe mbali. Mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini. Wanaume ambao wiki iliyopita walikuwa wanagawana vipande vya kamyoneti mdomoni, huyu matairi, huyu mlango, sasa walikuwa wanarudisha viti nyuma, taratibu, kama karai lingewarukia. Mambo ya shemeji waliyajua, nadhani, tangu zamani. Kwa hayo walikuwa tayari kunywa chai. Kilichowashinda ni manyoya.

"Hiyo gari imekula matanga," baba mkubwa akasema mwishowe. Aliitupa fimbo yake chini, hakutaka tena kuishika. "Isiingie mu lupango yangu. Kipande yake moja isiingie. Iende na muke."

"Iko muzima ao imekufa?" mtu wa nyuma akauliza, kwa kupenda taratibu.

"Nimesema iende na muke."

Hivyo ndivyo dada alivyopata gari lake. Hakulipata kwa haki, wala kwa silinda ya tatu ambayo niliivumbua kwa kupigwa umeme. Alilipata kwa sababu jamaa nzima iliona kinyaa. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba jibu lilikuwa sahihi na sababu ilikuwa mbaya, lakini dada alikuwa bado ameshika shati langu, na alikuwa na nguvu za mtu anayebeba magunia.

"Asante, baba," akasema. Akamgeukia shemeji na kunyoosha mkono.

Shemeji akatoa funguo mfukoni mwa abakosti. Hakuziweka mkononi mwake. Aliziweka pembeni kabisa ya meza, mbali na karai, akajipangusa vidole kwa kitambaa. Dada alizunguka meza akazichukua, akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Na jeki," akasema. "Gari ilikuwa na jeki."

Shemeji akaenda kuileta.